Jaribio la Thelathini na Nane

Gelsenkirchen, 4 Machi 2024

Ndugu Udo,

Anwani yako nimepewa na Jochen wa gitaa, na nimemwomba asikuulize lolote. Ni mimi, Ekkehard Broich, fundi wa studio ile ya kwenye bafu la zamani la wachimba makaa, ambaye mlimwita Profesa kwa sababu alivaa tai mbele ya vijana wenye nywele hadi kiunoni. Ningekupigia simu, lakini mwaka jana madaktari walinipasua koo ili waniokoe, na sauti ikabaki mezani kwao. Sasa wamesema hata huko kuniokoa kumefika mwisho. Niko katika nyumba ya wagonjwa wasio na tiba tena, chumba cha chini, dirisha linatazama maegesho ya baiskeli. Ninaandika saa moja kila asubuhi. Baada ya hapo mkono unakataa.

Nina miaka themanini na mitatu na sina muda wa kuzunguka, na bado nazunguka. Tarehe nane Aprili kampuni itafungua mikanda ya sauti ya Ngazi ya Saba ili kuitoa albamu upya. Bi Henrike Osthoff, anayeishughulikia, ataioka kwanza kwenye tanuri la kukaushia matunda, maana mikanda ya zamani hunata na isipookwa huchunika. Kisha ataizungusha, na ataona kwa macho yake kila nilichofanya.

Nakuomba radhi kwa nilichokutendea Februari ile ya 1990. Sina haja ya kukitaja, kwa kuwa wewe unakijua; ndiyo maana uliihama bendi vuli ile bila kuniaga, na kwa miaka thelathini na minne hukunitumia hata kadi ya Krismasi. Ulikuwa na haki. Naomba neno moja tu kutoka kwako kabla mikanda haijafunguliwa, na kabla mimi mwenyewe sijafungwa. Likiwa tusi, nalo nitalipokea.

Utoke salama, kama walivyoagana wachimba makaa wa kwetu,

Ekkehard Broich


Emden, 11 Machi 2024

Mzee Profesa,

Pole sana kwa ugonjwa. Mke wangu Antje aliiona bahasha yako, jinsi mwandiko ulivyonyooka, akadhani wakili ananishtaki. Nimeisoma mara tatu juu ya chai na bado sijui unaomba radhi kwa lipi. Kwa kutukataza soseji karibu na meza ya mitambo? Kwa kumwambia Mücke kwamba gitaa lake la besi linasikika kama jokofu la jirani? Hilo lilikuwa kweli. Kama ni kule kunirudisha kwenye dramu siku nne mfululizo, nilikuchukia siku nne hizo, basi.

Maana baadaye ulinipa zawadi ambayo sijapewa na mtu mwingine. Umesahau? Tulirudi baada ya wiki mbili, ukatukalisha kwenye yale mabenchi ya wachimbaji, ukaweka wimbo wa tatu, Kuta Zinapumua, na ulipokwisha ukaninyooshea kidole, ukasema mbele ya wote, "Ni jaribio la thelathini na nane. Ni lake, mwanzo hadi mwisho." Jochen, ambaye hajawahi kumsifu mtu yeyote isipokuwa gitaa lake, alivua kofia. Tulikuwa tumemzika baba yangu wiki tatu kabla ya hapo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari la viazi vya kukaanga, muuzaji akanipa sahani ya bure akidhani nimeachwa na msichana. Wiki hiyohiyo nilikwenda kuchora chale: 38, mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Ipo hadi leo. Wateja huniuliza kama ni mwaka wa kuzaliwa.

Na kwa kuwa unakufa, na mimi sijawahi kumwambia mtu zaidi ya Antje, acha nami niseme langu. Sikuanguka kutoka kwenye lori kule Kassel, kama mlivyoambiwa nilipoihama bendi. Hakuna mfupa uliovunjika. Nilinunua bendeji duka la dawa nikajifunga mwenyewe chooni. Kila jukwaa la ile safari ya maonyesho, tukifika wimbo wa tatu, mikono ilikwama palepale, kipimo cha kumi na nne, kundi lilelile la mapigo. Braunschweig nilisimama kabisa, watu elfu moja wakinitazama. Mkono uliokwisha kupiga kitu halafu ukashindwa kukipiga tena, nilijiambia, mkono huo umekufa. Nikauza dramu, nikahamia huku kwa kina Antje, nikawa fundi wa vigae. Sikukuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyesikia nilivyokuwa, na sikutaka ujue nilivyokuja kuwa.

Lakini sina kinyongo. Nimewahi kuwa mkamilifu kwa dakika sita. Wengi hawapati hata hizo.

Basi niambie: radhi ya nini?

Utoke salama na wewe,

Udo Pawelczyk


Gelsenkirchen, 18 Machi 2024

Udo,

Barua yako alinisomea muuguzi Gisela, maana asubuhi ile macho yangu yalikuwa na ukungu. Kwenye jokofu la jirani alicheka. Kwenye chale ya mkononi alicheka tena, akanitazama usoni, akaacha.

Miaka yote hii niliamini kwamba ulijua. Nilidhani uliisikiliza albamu kwenye basi la safari kwa lile sikio lako zuri, ukagundua, ukaondoka kwa hasira ya haki. Nilijizoeza kuishi na hasira yako. Kumbe uliondoka kwa aibu, na aibu yenyewe niliitengeneza mimi. Basi nakiandika sasa kile nilichodhani hakina haja ya kutajwa.

Hakuna jaribio la thelathini na nane. Ulipiga mara thelathini na saba. Ya mwisho kijiti kilivunjika, Mücke akaenda kutafuta viazi, nawe, uliyekwisha kupoteza hesabu, ukalala sakafuni chini ya ile minyororo ambayo wachimbaji walitundikia nguo zao wakioga, ambayo tuliifunga kwa soksi zenu ili isilie. Niliwaambia wote mwende nyumbani wiki mbili. Kisha nikajifungia na wembe.

Hukuwahi kuniona nikiifanya kazi hiyo, kwa sababu sikupenda mtu nyuma ya mgongo wangu. Nilichukua kipimo kizima kutoka jaribio la nne, nusu kipimo kutoka la kumi na tisa, pigo moja la mguu kutoka la thelathini. Nilikata mkanda kwa mshazari, nikaunga kwa utepe mweupe wa gundi, nikasikiliza, nikakata tena. Mahali ulipochelewa, niliondoa kuchelewa. Mahali mtu anapovuta pumzi, niliondoa pumzi. Viungo sitini na kimoja katika wimbo wa dakika sita. Hakuna mwanadamu awezaye kupiga vile. Wewe hukuweza, na waliokuja baada yako hawakuweza. Wapo wanaojigamba, nimewasikiliza, wote huruka mapigo.

La thelathini na nane nililipiga mimi, kwa wembe.

Ningependa kusema ilikuwa huruma. Sehemu ndogo ni kweli: kampuni ilikwisha kunionya kwamba nikikushindwa wataleta mpigaji wa kukodi, na baba yako hakuwa amemaliza hata mwezi kaburini. Lakini huruma ingekuja kukaa nawe na kusema, "Udo, tupunguze mwendo kidogo." Kilichonishika ni majivuno. Nilisomea chuo cha muziki cha Detmold kurekodi vinanda vya makanisa. Wenzangu walirekodi orkestra. Mimi niliishia kwenye bafu la wachimbaji, na bendi zilizotaka tu kuwa na kasi kuliko bendi ya mji wa pili. Nanyi mlikuwa hivyo, albamu mbili za kwanza, mbio na kelele na mashabiki wakimwagiana bia. Kisha Jochen akaniletea nyimbo zile. Mapigo saba, halafu kumi na moja, gitaa zimeshushwa hadi nyuzi zinalegea, hakuna kiitikio cha kuimba pamoja, giza tupu kama jina la albamu yenyewe, ngazi ya saba ya mgodi ambako baba zenu walikuwa wakishuka. Kwa mara ya kwanza nilisikia mahali pale kitu kilichofanana na nilichosomea. Nikataka kiwe sahihi kama saa. Nikataka wale wa Detmold wakisikie. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukisikia.

Nilipotamka lile neno kuhusu thelathini na nane, niliuona uso wako, nikataka kulirudisha kinywani. Lakini Jochen alikuwa ameshavua kofia. Nilikuwa mwoga, na siku iliyofuata nilikuwa mwoga zaidi, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Mikono yako haikufa, Udo. Haikuugua hata siku moja. Ulikuwa unashindana na kitu ambacho hakikuwahi kuwa mtu.

Ekkehard


Emden, 9 Aprili 2024

Bwana Broich,

Antje alisema nisikuandikie nikiwa na hasira, mgonjwa ni mgonjwa. Nimesubiri wiki tatu. Hasira haijaondoka, kwa hiyo naandika.

Nilikwenda kwa madaktari wanne. Mmoja alinichoma sindano mkononi kupima mishipa ya fahamu. Akasema hakuna kitu, nami nikadhani hajui kazi yake. Ungeweza kuandika barua hiyo mwaka 1991. Ungeweza mwaka 2000. Umengoja mpaka mtu mwingine akawasha tanuri. Hiyo si toba, hiyo ni kuwahi mlangoni kabla ya polisi.

Na zile dakika sita nilizokuwa nazo, sasa sina.

Usinijibu.

U. Pawelczyk


Gelsenkirchen, 12 Aprili 2024

Udo,

Umeniambia nisijibu. Sijibu, natuma kifurushi.

Ndani kuna diski moja. Ni jaribio la ishirini na tatu. Ndilo pekee ulilopiga lote bila kusimama. Unajikwaa mara tatu na mwendo wake ni wa chini. Nilinakili kwenye mkanda mwembamba siku ileile, kisha nikaukata ule mkubwa kama mingine yote. Ule mwembamba umekaa kwangu tangu wakati huo kwenye kopo la biskuti. Sikujua kwa nini nautunza. Nadhani hata mwizi huacha kitu kimoja mahali pake. Bi Osthoff amekuja kuuchukua, akauhamisha.

Ameniambia pia kwamba mikanda ilipotoka kwenye tanuri gundi ilikuwa imekufa, na wimbo wa tatu ulianguka sakafuni vipande vipande. Aliokota kipande kimoja kimoja akaviunga upya kwa siku mbili. Ameniuliza aandike nini kwenye kijitabu cha albamu. Nimemwambia mimi sina neno hapo. Ukitaka iandikwe kweli yote, na jina langu, iandikwe. Ukitaka thelathini na nane ibaki ilivyo, Bi Osthoff amekubali kunyamaza. Mwambie wewe.

E. B.


Emden, 26 Aprili 2024

Profesa,

Kifurushi chako kilikaa siku nane kwenye gari, katikati ya mifuko ya saruji. Jumanne nilikuwa peke yangu kwenye bafu la mteja mmoja huko Leer, nusu ya ukuta imekwisha, redio yake ina mahali pa diski. Nikasema liwalo na liwe.

Kwenye kazi yangu, kigae kikishakauka unakigonga kwa mpini wa nyundo. Kikishika vizuri kinatoa sauti fupi, nzito. Kikiwa na uwazi nyuma yake kinatoa sauti tupu, na unakibandua hata kama mteja anakiona kizuri. Acha nikwambie kitu ambacho sikukisema kwenye barua yangu ya kwanza. Kila nilipousikiliza ule wimbo wa tatu, kwa miaka yote hii, nilisikia utupu. Dakika ya tatu, na tena kabla ya mwisho, toazi linaanza kulia halafu halimalizi kilio chake. Nilidhani utupu uko kwangu. Kumbe sikio langu lilikuwa linaniambia kweli, Profesa. Lilikuwa linagonga viungo vyako.

Ishirini na tatu haina utupu. Inakwenda polepole kuliko nilivyokumbuka, na kipimo cha kumi na nne nakanyaga vibaya kama mlevi kwenye ngazi, lakini kila kitu kinalia mpaka mwisho wake. Halafu, wimbo umekwisha, namsikia kijana mmoja anacheka, anamuuliza Mücke kama viazi vimebaki. Sikumtambua mara moja. Ana furaha sana yule kijana. Nilikaa kwenye ukingo wa bafu nikausikiliza mara nne, na saruji ikakaukia kwenye ndoo.

Jioni nikampigia Jochen. Nilitaka kumwambia kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Nikamsimulia yote, wembe, viungo sitini na kimoja, Kassel na bendeji. 

"Udo," akasema, "solo langu la wimbo wa tano unalijua?"

Nikamwambia nani asiyelijua, limo hata kwenye vitabu vya kujifunzia gitaa.

"Vipande kumi na moja," akasema. "Nilikaa pembeni ya yule mzee nikimwona anashona. Aliniapisha, nami nikamwapisha. Miaka yote naogopa jukwaa kwa ajili ya solo hilo, na safari ile nikigeuka nyuma nilikuona wewe, mashine, uliyepiga yote kwa mkupuo mmoja studio. Kwa nini unadhani nilivua kofia? Nilikuwa naficha uso nayo."

Halafu tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha. Antje alitoka jikoni kuangalia kama nimepatwa na kitu. Tulihesabu: wewe umeshona dramu, umeshona gitaa; aliyepiga nyimbo zote nane kwa uaminifu, bila kiungo hata kimoja, ni Mücke peke yake. Na besi yake haijawahi kusikiwa na mtu.

Kwa hiyo nimemwandikia Bi Osthoff. Albamu ibaki kama ilivyo, asiguse hata kiungo, maana ni kazi nzuri. Siwezi kudanganya, ni kazi ya kutisha. Lakini kijitabu kiseme: dramu, Udo Pawelczyk na wembe wa Ekkehard Broich. Jina lako liandikwe kwa herufi sawa na langu, ili mashabiki wanaovunjika mikono kwa kuniiga waache. Na mwishoni kabisa, baada ya wimbo wa nane, iwekwe ishirini na tatu, pamoja na viazi. Nilimwomba pia, kama mitambo ya siku hizi inaweza, aipandishe sauti ya besi ya Mücke kidogo.

Kuhusu chale, nilimuuliza mchoraji kama thelathini na nane inaweza kugeuzwa ishirini na tatu. Alisema inaweza kugeuzwa tu kuwa kitu cheusi. Antje amesema iachwe. Ndiyo saizi ya kiatu chake, na ni wakati sasa nivae chale kwa ajili yake.

Bado nina hasira na wewe. Nakwambia kwa sababu mimi nawe tumemaliza kufichana. Ni kama vumbi la vigae, nikioga linatoka, kesho lipo tena ila limepungua. Lakini juzi nilipomaliza kazi nilipita dukani nikanunua vijiti viwili na kile kipande cha mpira ambacho wapiga dramu hufanyia mazoezi. Nimekaa nacho sebuleni. Mikono iko hapo, Profesa. Ni ya mzee, inauma kifundo, lakini iko hapo. Nilikuwa naipita kila siku nikidhani nyumba haina mtu.

Alhamisi tarehe mbili sina kazi. Nitapanda treni ya asubuhi. Nitakuletea Kuta Zinapumua mpaka kitandani kwako, kwenye mpira, kwa mwendo ambao mikono inataka yenyewe. Ukilala katikati sitachukia. Mwambie Gisela sina nywele tena, asitafute mtu wa kwenye picha.

Utoke salama, lakini usitoke kabla ya Alhamisi.

Udo


Gelsenkirchen, 3 Mei 2024

Udo,

Gisela anashika karatasi isiteleze, mimi nashika kalamu. Anakusalimu. Mama wa chumba cha pili ameuliza mgeni wangu wa jana alikuwa fundi wa nini, na kama anaweza kuja kumtengenezea kabati.

Ulijikwaa mara mbili, kipimo cha kumi na nne na tena karibu na mwisho. Mara zote mbili ulicheka ukaendelea. Mkono wangu ulipapasa blanketi ukitafuta wembe. Ni mazoea tu. Nadhani uliona, maana uliunyanyua ukaushika kwa mkono wako wa kushoto, na wa kulia ukaendelea kupiga.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Sikuona pa kukata.

Natoka salama,

Ekkehard